Visi ya Mbele

"Funga tena," Ernestine alisema.

Salvator, mkuu wake wa kazi, akausukuma mkono wa chuma wa bunduki mbele, akaulaza chini. Klak. Ukafunga bila ubishi. Akaufungua, akaufunga, akaufungua, kama mtu anayemwonyesha mpangaji mpya jinsi kitasa kinavyofanya kazi.

"Unataka mara ngapi? Jérémie anasema bunduki ilikataa. Mi naona inanitii kuliko bibi yangu."

Bunduki ilikuwa mezani, katika ofisi yao ya upelelezi huko Kigobe, imelazwa juu ya gazeti la zamani. Ilikuwa ya kuwindia, ya bei ya chini kabisa, ile ambayo kila risasi unaiingiza kwa kuvuta chuma nyuma na kukirudisha mbele kwa mkono. Ushirika wa mpunga wa Buterere ulipewa kibali cha kuwa nayo kwa sababu ya viboko, maana viboko wa ziwani hawakuwa na habari ya vita. Giza likiingia wanapanda mashambani na kula kama walivyokula siku zote. Lakini chini ya mtutu ule wa kimaskini haikuwapo tena mbao yake ya asili. Palikuwa na kiunzi cheusi cha alumini kilichochongwa Ulaya, chenye kitako cha kurefusha na kufupisha upendavyo. Mafundi wa Buyenzi walikiita shasi, kama shasi ya gari. Ukiitazama bunduki yenyewe, ungedhani umemkuta mlinzi wa lango amevaa viatu vya balozi.

Mwenye bunduki, Callixte, msimamizi wa ushirika, alikufa Ijumaa usiku kwenye tuta la shamba, risasi moja kifuani. Risasi ilimpita ikapotelea topeni. Aliyekuwa naye ni mlinzi wake, Jérémie Cirimwami, mkimbizi kutoka Bukavu. Wanajeshi wa doria walimkuta amepiga magoti kando ya maiti, bunduki mkononi, akasema walikuja wezi.

"Na wivu upo," Salvator aliendelea. "Bibi ya Jérémie, Benite, anapika kwa Callixte kule Mutanga Nord. Anaenda asubuhi na kitenge cha zamani, anarudi na kipya. Buterere yote inajua. Unataka nini tena? Jioni hii wanajeshi wanakuja kumuchukua."

Ernestine alitazama saa ya ukutani. Miaka ile, mgeni aliyekamatwa na bunduki kando ya maiti, akishapanda lori la jeshi, hapakuwa na mtu wa kumwuliza swali la pili.

"Nani alisema bunduki ni nzima?"

"Mzee Shaabani wa Buyenzi. Si ndiye anatutengenezea makufuli na bunduki zetu zote? Jumamosi asubuhi alijileta mwenyewe, hata sijamwita. Aliiangalia nikiwa kwenye simu, chumba cha pili. Akasema nzima. Na pesa ya chai akakataa."

"Shaabani akakataa pesa?"

"Hata mi nilishangaa."

Ernestine akachukua ufunguo wa mahabusu.

Jérémie alikuwa mrefu kuliko mlango. Alisimama ameinamisha kichwa, ingawa ndani mlikuwa na nafasi ya kutosha.

"Eleza tena."

"Mama, nilishaeleza."

"Eleza kama vile mi nilikuwa kiziwi mara ya kwanza."

Akavuta pumzi. "Tulisikia kitu mu mpunga. Patron akawasha tochi. Nikamwambia zima, patron, ile ni watu. Akasema ni viboko. Kiboko haikohoe, mama. Ile ilikohoa. Nikasukuma chuma ili ifunge. Ikafika karibu, ikakataa. Nikapiga na mukono, nikapiga. Wao wakapiga mara moja tu. Patron akaanguka."

"Kabla ya pale hamkuifunga hata kidogo kujaribu?"

"Apana. Njiani chuma inakaa mu mufuko, bunduki mu mufuko ingine, ju ya wanajeshi wa bariyeri; wanataka iwe vipande. Kule shambani patron aliiingiza, akaiacha wazi. Ile ni sheria yake: haifungwe mpaka uone kiboko."

"Lete mkono."

Akaunyoosha. Chini ya kidole gumba nyama ilikuwa imevimba, bluu iliyoanza kugeuka manjano.

"Wanajeshi?"

"Wanajeshi walipiga mugongo. Hii ni ile chuma."

"Na habari ya Benite na Callixte?"

Jérémie akautazama ukuta. "Nilikuwa na wivu, ndiyo. Mutu anamununulia bibi yako kitenge, na ni yeye anakulipa mushahara, utafanya nini? Nilimuua kila siku. Mu kichwa. Asubuhi namwambia bonjour patron, mangaribi namuua." Akageuka. "Lakini ile usiku sikumuua, mama."

Ernestine alitia bunduki ndani ya gunia la mchele, chuma chake akakitia mkobani, akamwambia dereva waende Buyenzi.

Karakana ya Ilias, fundi kijana aliyeifunga ile shasi, haikosi watu. Mbele yake mkewe Soumaya anauza chai na maandazi ya bitumbura, na mabenchi yake yanakaliwa toka asubuhi na watu wasio na chombo chochote cha kutengenezwa. Mtu akitaka kujua nani kaoa, nani kafilisika na nani anakaribia, anakunywa chai kwa Soumaya.

"Karibu madamu ofisa. Umekuja ju ya Callixte, Mungu amurehemu," Soumaya alisema, akiwa ameshamimina kikombe. "Mi sina la kuficha. Ile shasi alipewa na Mubelji mumoja aliyekuwa anakimbia vita. Ilikuwa ya bunduki ya matajiri, si ya hii. Kwanza akaipeleka kwa Shaabani, pale ng'ambo ya barabara. Shaabani akamwambia mbele ya watu wote: kiatu hiki si cha mguu huu, upeleke kwa muuza vyuma chakavu. Bwana yangu akasema niachie mi nijaribu."

"Na akaweza."

"Akaweza! Ijumaa baada ya swala hapa palijaa kama arusi. Ilias alifunga na kufungua ile chuma, klak klak, watu wanapiga makofi. Hata Shaabani alikuja. Akakunywa chai yangu. Toka Ilias aache kazi kwake, ile ndiyo kikombe ya kwanza."

"Mliipiga risasi ya kujaribu?"

Mabenchi yote yakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mu Buyenzi, mama? Na hii vita? Ukipiga moja hapa, sisi wote tuko chini ya kitanda, na wanajeshi wako juu ya bati."

"Kwa hiyo ilijaribiwa kwa mkono tu. Halafu?"

"Halafu Callixte akatoa chuma akaitia mu mufuko," Soumaya alisema. "Akaketi hapa nje, anasimulia viboko. Watu wote walikuwa wanamusikiliza."

"Wote?"

Soumaya akakoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Shaabani alibaki ndani na bunduki. Alisema macho ni ya uzee, anataka aitazame polepole."

Ndani, Ilias aliipokea bunduki kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye ndevu chache na vidole vyeusi vya oili. Alitia kile chuma, akafunga. Klak. Akatabasamu. Kisha akaipindua tumbo juu, na tabasamu likaondoka.

"Mutu amefungua visi yangu."

"Visi ipi?"

Akamwonyesha. Bunduki ilishikwa na shasi kwa skurubu mbili tu, ndizo visi, moja nyuma ya kifyatulio, moja mbele. Kwenye kila moja palikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Wa nyuma ulianzia juu ya kichwa cha skurubu ukavuka mpaka kwenye alumini, umenyooka. Wa mbele ulikuwa umekatika: nusu iliyo kwenye alumini ilielekea mtutuni, nusu iliyo kichwani ilielekea pembeni.

"Nikishakaza visi, napaka," Ilias alisema. "Ikifunguliwa, mustari haukutane tena. Mi najua kama kazi imeguswa. Mafundi wengine wananicheka."

"Rangi ni yangu," Soumaya akadakia kutoka mlangoni. "Ni ya kucha. Nilinunua kwa arusi ya mudogo wangu, halafu nikakumbuka udhu, maji haifike ku kucha. Basi akaichukua yeye. Sasa majenereta yote ya Buyenzi yamepaka kucha, mi apana."

Ernestine hakucheka. "Kama visi hii ya mbele ingekuwa ndefu zaidi kidogo?"

"Ingetokea ndani. Chuma ingekuja mpaka karibu, ikagonga kwenye ncha ya visi. Haifunge. Na isipofunga, haipige." Ilias akakatiza maneno yake mwenyewe. Akakichomoa chuma, akakigeuza kwenye mwanga. Kwenye jino lake la chini palikuwa na mkwaruzo mpya, unang'aa kama sarafu. "Ijumaa, hii haikuwa hapa. Mama, mbele ya Mungu, hii haikuwa hapa."

"Fungua."

Ilias akatumia bisibisi. Skurubu ya mbele ikatoka, fupi, kichwa chake kina ule wekundu. "Ni yangu. Nilikata mwenyewe kwa kipimo."

Ernestine akaiweka kiganjani. Mkwaruzo unasema kuna kitu kilizuia chuma, lakini hausemi jina la mtu. Salvator angesema Jérémie aliukwaruza kwa msumari. Na skurubu iliyokuwamo ilikuwa sahihi.

"Nani aliigusa bunduki toka Jumamosi?" aliuliza, ingawa alijua.

Ilias akainamisha macho. "Usimutie aibu mzee, mama. Yeye ndiye alinifundisha kushika tupa. Mi sijasema ni yeye."

"Mi nasema," Soumaya alisema, akifunika sufuria yake. "Anaona wivu toka siku tulipaka rangi bango ya karakana yetu."

Barabara ya kuvuka ilikuwa ya hatua chache, lakini walipofika ng'ambo walikuwa msafara. Mabenchi ya Soumaya yote yaliinuka na vikombe mkononi.

Mzee Shaabani alikuwa ameketi mbele ya jiliwa lake, kofia nyeupe kichwani, anapiga tupa ufunguo. Karakana yake nayo ilikuwa na watu: mwanamke mwenye kichwa cha cherehani mapajani, mwanaume mwenye makufuli mawili, wengine wawili waliokuja kupiga soga. Aliwaona wanaokuja, akaendelea kupiga tupa.

"Salam alekum, mzee."

"Alekum salam, binti yangu. Umeniletea arusi?"

"Nimeleta jambo ndogo. Bunduki hii ulisema ni nzima."

"Nzima."

"Fundi wa ofisi ni wewe. Neno lako ndilo linamupeleka mutu kambini jioni hii. Sasa naomba uliseme wazi mbele ya hawa, ili kesho pasikuwe na maneno. Useme: kazi ya Ilias haina kosa."

Tupa ikapita mara mbili juu ya ufunguo.

"Nilisema bunduki ni nzima."

"Si ndiyo kazi ya Ilias?"

"Bunduki ilitengenezwa kiwandani."

"Kiwandani iliwekwa kwenye mbao. Kwenye shasi iliwekwa na Ilias. Ulisema haiwezekane, yeye akafanya. Sasa imefungwa vizuri ao vibaya?"

"Sema tu, mzee," yule wa makufuli akasema. "Ni neno moja, halitakuvunja meno."

"Hata Mubelji alisema haiwezekane," mwingine akatia chumvi, ingawa hakuwahi kumwona Mbelgiji huyo.

"Kama ni hivyo," mwanamke wa cherehani aliuliza taratibu, "na hii yangu nimupelekee nani?"

Watu wakacheka. Ilias alikuwa amesimama nyuma kabisa, nusu mwili nje, kama anayetaka mvua inyeshe ili wote watawanyike. Shaabani alimwona. Macho yake yakakaa pale muda mrefu, juu ya yule kijana ambaye yeye mzee alimlisha nyumbani kwake, na ambaye sasa watu walikunywa chai mbele ya mlango wake.

Ernestine akaongeza jambo moja, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu njiani. "Na mukuu wangu anauliza. Kama fundi mukubwa mwenyewe amekubali kazi ya kijana, bunduki za ofisi toka leo ziende upande upi wa barabara?"

Tupa ikasimama.

"Ilikuwa na kosa," Shaabani alisema.

"Kosa gani?"

"Visi ya mbele. Aliweka ndefu. Chuma haingeweza kufunga, hata ungepiga na nyundo. Mi ndiye nilirekebisha. Jumamosi, pale pale ofisini kwenu, mukuu wako akiwa kwenye simu. Nikatoa ile, nikaweka yenye kipimo. Sikusema kitu, ju sikutaka kumwaibisha mutoto." Akawageukia watu. "Sasa mumejua nani ni fundi."

Watu wakashusha vikombe. Ernestine akamwonyesha kwa kidevu mtu aliyesimama mwisho kabisa.

"Rudia, mzee. Huyu wa nyuma hakusikia."

Shaabani akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Kwa hiyo Ijumaa usiku bunduki hii isingeweza kupiga."

"Isingeweza."

"Wallahi?"

"Wallahi. Hata moja."

Ernestine akamtazama dereva wake, na dereva akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Jérémie alikuwa amepona lori. Ernestine angeweza kuondoka hapo. Badala yake akavuta kiti.

"Ile ndefu uliitupa?"

"Fundi hatupi chuma." Shaabani akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma vidogo, akachokorachokora, akatupa skurubu moja mezani. Ernestine akaiweka ile fupi kando yake. Ile ndefu kichwa chake kilikuwa kikavu, rangi ya chuma tu. Fupi ilikuwa na wekundu.

"Na hii fupi, yenye kipimo, uliitoa wapi?"

"Kwangu. Mu kopo hii."

"Mzee, na we unapaka kucha?"

Vicheko vikaanza, lakini vilikuwa vya watu ambao hawajaelewa. Soumaya alikuwa ameelewa. Alisukuma mtu pembeni, akaisogelea meza.

"Ile ni rangi yangu."

"Ilias anapaka kila visi akishaikaza," Ernestine alisema. "Ijumaa mbele ya watu wote bunduki ilifunga vizuri. Visi yake ilikuwa ndani, na rangi juu. Jumamosi we unasema ulikuta ndefu isiyo na rangi, ukaweka ya kwako. Lakini uliyoweka ni ya Ilias. Ilikuwa mu mufuko ya nani toka Ijumaa mpaka Jumamosi?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke wa cherehani akaweka mkono mdomoni.

Shaabani aliokota ile skurubu ndefu, akaanza kuizungusha kati ya vidole. Aliongea akiitazama yenyewe. "Jumamosi asubuhi Callixte alitaka kuionyesha kwa wanaushirika. Ingekataa mbele yao. Wangecheka. Angeirudisha kwangu, akisema mzee nisamehe. Ni ile tu. Ni asubuhi moja ya kucheka."

"Usiku ulitangulia."

"Nani angejua watu wangekuja ile usiku?"

"Hukujua Ijumaa. Jumamosi ulijua. Ulisikia bunduki ilikataa, ukajileta mbio ukabadilisha, ukaacha mutu akabebe kifo. Ndiyo maana ulikataa pesa ya chai."

Ilias akapenya mpaka mbele. Kila mtu alidhani atamtukana. Akasema tu, "Mwalimu, ungeniambia. Ningekuletea mi mwenyewe, tungeifunga pamoja."

Hilo ndilo neno pekee lililomuuma mzee siku ile. "Pamoja," alirudia, na uso wake ukakunjamana. "Ili waseme umenisaidia?"

Dereva akamshika mkono kwa heshima. Walipokuwa wanatoka, mwanamke wa cherehani aliinuka, akakiweka kichwa cha mashine kiunoni, akavuka barabara. Yule wa makufuli alisitasita, kisha naye akamfuata. Shaabani hakumtazama ofisa, wala gari lililokuwa linamsubiri mlango wazi. Alitazama ile cherehani inavyokwenda, mpaka ikaingia kwa Ilias.

Kigobe, lori lilikuwa limeshafika. Salvator, akishasimuliwa, alizungumza na wanajeshi uani, anaeleza kwa mikono, na lori likaondoka tupu, dereva wake amekasirika kwa petroli aliyoichoma bure.

Jérémie alitolewa akaketi kwenye ngazi. Ernestine alimweleza yote: shasi, makofi, visi mbili.

"Visi?"

"Visi. Fundi alimuonea wivu fundi mwenzake."

Jérémie aliutazama uvimbe wa mkono wake. "Mama, hizi siku zote mi nilijua ni mi. Nilisema labda bunduki haikukataa. Labda ni moyo uliona patron pale mbele na tochi, ukasema ngoja kidogo. Ju nilikuwa nataka afe, unaelewa? Nilikuwa nakaa mule ndani najiuliza kama kweli nilisukuma."

"Ulisukuma. Jino la chuma limekwaruzwa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei na kuona anaiweza. Ernestine akamwambia gari litampeleka Buterere.

"Apana. Nipeleke Mutanga Nord, kwenye kilio ya patron. Benite iko pale. Hakuja hapa hata siku moja kuniangalia."

"Unaenda kugombana naye, Jérémie?"

"Naenda kukaa na watu. Alikuwa patron yangu." Akasimama, akaomba maji ya kunawa uso, akanawa kwa muda mrefu. "Nikikuta analia kidogo, nitakaa karibu yake," alisema, anajifuta kwa shati. "Nikikuta analia sana, nitakaa kule nje na wanaume."